Kijiko kidogo kinakufa upande wa kulia kikipata joto. Ninunue joistiki?

#1 Kokoto_za_Ihumwa

Mbukwenyi wakuu,

Nina kijiko kidogo, hivi ambavyo mjini kila mtu anaviita Bobcat hata kama vimetengenezwa kwingine. Changu si Bobcat, na chapa yake siitaji, sitaki uzi ugeuke wa kuponda kampuni za watu. Ni cha joistiki mbili, zile fimbo za mkononi za kuendeshea, umeme mtupu, chini ya sakafu hakuna vyuma vya kuvutana. Masaa yake ni 3,400 na kidogo. Kinapiga kazi huku Ihumwa na Mtumba, kusawazisha viwanja na kupakia kokoto kwenye Fuso.

Shida iko hivi. Asubuhi kinafanya kazi bila maneno. Ikifika saa tano, saa sita, jua la Dodoma mnalijua, magurudumu ya kulia yanakata. Opareta anasukuma joistiki mbele, kushoto kunakwenda, kulia kumenuna. Mashine inajizungusha palepale, vibarua wanatawanyika. Taa nyekundu inawaka, inalia, ukilazimisha breki inajifunga. Tukizima tukasubiri robo saa, inakubali. Baada ya muda mfupi imekata tena.

Fundi wa kwanza alikuja, akaitazama dakika tano, akasema joistiki ya kushoto imekufa. Mpya milioni 4.6 mpaka ifike Dodoma. Kuna jamaa Dar ana ya mtumba kwa 1.9, hana garantii. Fundi wa pili akasema ni pampu. Bei ya pampu sikuuliza, nilikuwa sijala.

Mnanishaurije?


#2 Tairi_Bapa

Uza upande wa kushoto mkuu, si bado mzima.


#3 FundiWaya_Kizota

Kokoto, hizo milioni ziache zilipo kwanza.

Mimi ni fundi umeme wa mashine, kwa hiyo nina upendeleo wangu, lakini nisikilize. Joistiki inasingiziwa sana kwa sababu ndiyo inayoshikwa. Kila kinachogoma, mkono wa opareta uko pale, basi jina linakuwa "joistiki mbovu". Ndani ya ile fimbo hakuna nguvu ya kusukuma hata toroli. Kuna sumaku ndogo na sensa, basi. Kwa aina nyingi sensa inapewa volti 5 na komputa ya mashine, halafu inarudisha volti kulingana na ulivyoiinamisha. Ukiiacha katikati inarudisha kama 2.5. Ukiisukuma hadi mwisho inakaribia 4.5, ukiivuta inashuka karibu na 0.5. Mara nyingi kila mwelekeo una sensa mbili, na komputa inazilinganisha muda wote. Zikipingana, inaona kuna muongo mmoja hapa, inakata mwendo na kuwasha taa.

Komputa ikisharidhika, yenyewe ndiyo inapeleka umeme kwenye koili za pampu, zile nyaya za shaba zilizoviringwa zinazoiagiza pampu isukume mbele au nyuma. Kulia ina koili zake, kushoto zake. Pampu inasukuma oili kwenye mota, mota inazungusha magurudumu.

Sasa hesabu vinavyoweza kuua upande wako wa kulia: sensa, soketi ya chini ya joistiki, waya wa kwenda kwenye komputa, komputa yenyewe, waya wa kutoka, soketi ya koili, koili, pampu, mota. Vitu tisa. Fundi wako kachagua kimoja kwa dakika tano, tena kile cha bei.

Nijibu haya:
Taa ikiwaka, kioo kinaandika namba gani?
Kuna swichi yenye alama ya ISO na H?
Betri imewahi kushtuliwa kwa lori?
Imewahi kuchomelewa bakuli la mbele la kuchotea au fremu ikiwa imefungwa betri?
Mnaioshaje?


#4 Mzee_Njia_ya_Mkato

Hiyo mimi nishakutana nayo. Ni ile sensa ya chuma cha mapajani, unachoshusha ukikaa. Vumbi likiingia inakata kila kitu. Chukua kipande cha waya, unganisha moja kwa moja, kazi iendelee. Dakika mbili.


#5 Kokoto_za_Ihumwa

FundiWaya asante.
Namba zilitokea, ndefu tu, fundi wa kwanza akazifuta bila kuziandika.
Swichi ya ISO na H ipo, sisi tunatumia ISO.
Kushtuliwa na lori, ndiyo, mara mbili au tatu, Fuso ndiyo iko pale.
Kuchomelewa, ndiyo, mwaka jana bakuli lilipasuka. Betri sikumbuki kama ilitolewa.
Inaoshwa kwa mashine ya presha, kila Jumapili, inang'aa.


#6 Opareta_Kibaigwa

Mzee Njia ya Mkato shikamoo, lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo, na niseme kwa nini.

Nimeendesha hivi vijiko toka 2013. Kuna saiti moja ya ujenzi, mahali sisemi, mashine ilikuwa imeunganishwa waya hivyo hivyo. Opareta alikuwa mwenzangu. Amesimamisha mashine, mikono ya chuma inayobeba bakuli iko juu, bakuli limejaa. Akainua chuma cha mapajani, kwa kawaida hapo mashine ingelala, akainama nje kupokea dumu la maji kutoka kwa kijana. Kiwiko kikagusa joistiki ya kulia. Mikono ilishuka. Yule kijana ana vidole vitatu mkono wa kulia mpaka leo, na alikuwa na bahati, kichwa chake kilikuwa sentimita chache kutoka pale.

Ile sensa imewekwa kwa ajili ya mtu anayeingia na kutoka kwa mbele, chini ya mikono. Hivi vijiko mlango wake uko kwenye mdomo. Ukiiua sensa umemlaza mtu chini ya shoka.

Halafu hata kwa akili ya kawaida, sensa hiyo ikikata, inakata magurudumu yote na mikono yote. Haichagui kulia.


#7 Mzee_Njia_ya_Mkato

Marahaba. Sawa, nimekusikia. Mimi nilisema ya kumaliza siku tu. Ila pole kwa huyo kijana.


#8 FundiWaya_Kizota

Opareta amenimalizia kazi. Kokoto, majibu yako yamenipa presha.

Fuso yako kubwa ni volti 24. Kijiko chako ni volti 12. Nyaya za kushtulia mmezichomeka wapi? Kama ni kwenye betri moja tu ya Fuso, mlipona. Kama ni kwenye zote mbili, basi ile komputa imeshatandikwa umeme mara mbili ya unaostahili, na kuishi kwake mpaka leo ni rehema. Msirudie.

Kuchomelea bila kutoa betri, hivyo hivyo. Umeme wa welding unatafuta njia ya kurudi, ukipata waya mwembamba wa sensa unapita huko. Toa terminali ya betri, chomoa soketi za komputa, na ile klampu ya ardhi ya welding uibane karibu kabisa na unapochomelea. Kwenye tairi la nyuma au popote palipo wazi, hapana.

Na presha ya Jumapili. Elekeza maji kwenye bakuli na matairi mpaka uchoke. Ndani ya kebini tumia kitambaa na pumzi ya kompresa, tena ya mbali. Maji ya presha yanapita kwenye mpira wa soketi, yanakaa humo ndani, na baada ya wiki unakuta ukijani kwenye pini.

Sasa kuhusu shida yenyewe. Kwenye ISO, joistiki ya kushoto peke yake ndiyo inaendesha mashine, mbele, nyuma na kukata kona. Ya kulia ni ya mikono na bakuli. Kwa hiyo ukisukuma mbele, sensa ni ile ile inayoagiza magurudumu ya kulia NA ya kushoto. Kama sensa hiyo ingekufa, ungekosa pande zote. Inakuwaje ife nusu? Hapo tu nilianza kuitilia shaka hadithi ya joistiki.

Tuhakikishe bila kununua chochote. Kwenye H mambo yanabadilika: joistiki ya kushoto inaendesha magurudumu ya kushoto, ya kulia inaendesha ya kulia, na mikono na bakuli vinakwenda kwa kulaza hizo hizo kushoto na kulia.

Kesho subiri ikate yenyewe saa sita. Ikishakata, mashine isimame sehemu tambarare, mikono chini, watu wote mbali, zima. Geuza swichi iende H. Washa kabla haijapoa. Sukuma joistiki ya kulia mbele polepole.

Magurudumu ya kulia yakitembea, kasoro iko kwa joistiki ya kushoto au nyaya zake, nitakuomba radhi na fundi wako pia. Yasipotembea, umebadilisha mkono na ugonjwa umebaki kwenye gurudumu. Joistiki haimo.

Mwambie opareta wako kwamba kwenye H kila kitu kitakuwa kigeni mkononi mwake. Asogee nusu mita tu, asifanye kazi.

NA NAMBA ZA KWENYE KIOO PIGA PICHA.


#9 Mama_Lori_Nala

Kokoto mdogo wangu, mimi nimelipa ada ya shule hii, ngoja nikupunguzie.

Nina vijiko viwili hapa Nala. Kimoja kilianza kuandika hitilafu ya joistiki, zote mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Fundi wa wakati huo akaniambia zimekufa zote. Nikanunua moja, tena mpya kabisa, nikasema nitanunua ya pili mwezi ujao. Ikafungwa. Hitilafu ile ile, zote mbili.

Ilikuja kuonekana kwamba ile volti 5 anayoisema FundiWaya haiendi kwa joistiki peke yake. Inagawanywa na sensa nyingine huko nyuma. Sensa moja ya presha ya oili waya wake ulichubuka ukagusa chuma, volti 5 ikazama, na kila aliyekuwa anaitegemea akaonekana mbovu. Sensa yenyewe ilikuwa nzima. Alikuja kijana mmoja akachomoa sensa moja moja akiwa ameweka mita ya kupimia umeme kwenye waya wa volti 5, alipofika ya tatu mita ikaruka kutoka 1 na ushee hadi 5. Alinitoza elfu sitini.

Joistiki niliyonunua iko kabatini, na vyombo vya harusi.


#10 JotoLaBahi

Swali la kizushi. Kwa nini isiwe pampu? Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, pampu iliyochakaa inavujisha ndani, upande unaisha nguvu. Asubuhi oili nzito, inafanya kazi. Inaendana kabisa na dalili.


#11 FundiWaya_Kizota

Si la kizushi, ni swali la maana kuliko yote humu.

Pampu iliyochakaa inachoka taratibu. Saa tatu upande wa kulia unakuwa mzito kidogo, saa nne mashine inaanza kuvuta kulia, saa tano inashindwa kupanda kifusi, saa sita inajikokota. Na komputa mara nyingi haina habari, taa haiwaki, kwa sababu umeme wake umefika vizuri, oili ndiyo inayotoroka. Ya Kokoto inakata ghafla kama taa ya chumbani, na kioo kinaandika namba. Hiyo ni tabia ya umeme.

Lakini hata ingekuwa pampu, ungeanza na kiwango cha oili na filta, na radieta ya oili kama imezibwa na vumbi. Huku kwetu kati ya mwezi wa sita na wa kumi na moja ile radieta inageuka tofali. Pulizeni kila siku, kutoka ndani kwenda nje.


#12 Kokoto_za_Ihumwa

Wakuu, nimerudi.

Leo imekata saa sita kasoro. Nikafanya kama nilivyoelekezwa, vibarua nikawapeleka chini ya mbuyu, wakafurahi. Nikageuza H, nikakaa mwenyewe. Joistiki ya kulia mbele: KIMYA. Nyuma: inarudi! Joistiki ya kushoto mbele na nyuma, magurudumu ya kushoto yanakwenda.

Namba nimepiga picha. Kuna mtu wa duka la spea amenisomea kwenye kitabu, anasema ni saketi ya pampu ya kulia, mwendo wa mbele, imekatika.

Kwa hiyo joistiki nimesamehewa?


#13 FundiWaya_Kizota

Umesamehewa. Na pampu pia nadhani imesamehewa, maana pampu na mota za kulia zimekurudisha nyuma bila shida. Kilichokatika ni njia ya koili moja tu, ya kulia mbele.

Njoo na mita. Elfu ishirini na tano inatosha, usinunue ile ya njano ya elfu kumi inayosoma inavyotaka.

Mashine ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya koili ya kulia mbele, pima omu za koili, yaani inavyouzuia umeme. Pima na ya kushoto mbele ulinganishe, sikutajii namba kwa sababu kila mashine ina zake. Pima ikiwa baridi, kisha pima mara tu inapokata. Shaba ikipata joto omu zinapanda kidogo, usishtuke. Kinachotafutwa ni ile isiyosoma kabisa.

Koili ikiwa salama, rudisha soketi yake, nenda mwisho wa pili, soketi ya komputa. Pima koili ile ile ukiwa kwenye pini zake za komputa. Hapo umepima koili pamoja na safari yote ya waya. Usichome waya kwa sindano, kila tundu unalotoboa leo ni kutu ya masika. Tumia pini nyembamba kwa nyuma ya soketi.

Halafu mtu mmoja ashike mita, mwingine atingishe mkanda wa nyaya hatua kwa hatua, hasa unapopita ukingo wa chuma na pale kebini inapobinuka. Ukiinua kebini funga kizuizi chake. Ukihitaji mikono iwe juu, weka ile nguzo yake ya chuma. Jeki ya gari na gogo hapana, nimeshaona.


#14 Singida_Yetu

Samahani kuingilia. Yangu joistiki ina nyaya nne tu, nimepima katikati sipati hiyo 2.5. Nimepata vitu vinacheza cheza 2 na nusu, 2 na ngapi sijui, havifuati mkono. Imekufa?


#15 FundiWaya_Kizota

Hapana, yako ni ya kizazi kingine. Nyaya mbili ni za umeme, mbili zilizosokotana ni za mtandao wa CAN. Joistiki inatuma ujumbe, kama simu, haitumi volti za kupima kwa mkono. Unachokiona ni kelele za maongezi.

Zima mashine, toa betri, pima omu kati ya hizo mbili zilizosokotana. Ukipata karibu 60, mtandao ni mzima, maana kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho, vikiwa pamoja vinatoa 60. Ukipata 120, kimoja hakipo au waya umekatika njiani. Ukipata karibu sifuri, nyaya zimegusana. Zaidi ya hapo tafuta mwenye kifaa cha kusomea mashine, usikisie.


#16 Kokoto_za_Ihumwa

IMEPATIKANA.

Jana na leo nilikuwa na kijana wa umeme wa hapa jirani, anatengeneza bajaji, lakini ana mkono mtulivu na hana majivuno.

Koili baridi: kulia 7.4, kushoto 7.3. Zikiwa moto mara tu baada ya kukata: 8.7 na 8.6. Kijana akasema koili hizi ni mapacha, tuziache. Tukaenda kwenye soketi ya komputa. Kushoto inasoma 8.7. Kulia mita inaandika hakuna kitu.

Tukainua kebini, tukafunga kizuizi. Mimi nimeshika mita, yeye anatingisha. Amefika nyuma ya kiti, hakuna. Pembeni ya tangi, hakuna. Amefika pale mkanda wa nyaya unapopita juu ya bracket ya chuma, umelaliwa na hosi nene ya oili, akausukuma kwa kidole kimoja. Mita ikasoma 8.9. Akaachia, ikapotea. Akasukuma, ikarudi. Tulikaa tunacheza hivyo kama watoto, dakika nzima.

Akachana ule mpira wa nje. Ndani kuna tepu nyeusi imeyeyuka, inanata kama ulimbo. Chini ya tepu mtu aliwahi kuunganisha waya kwa kusokota vidole tu, bila solda. Shaba imekuwa ya kijani, nusu ya nyuzi zimeshakatika. Kumbe asubuhi ile hosi iko baridi na imelala. Oili ikipata moto hosi inakakamaa na kujisogeza, inauvuta mkanda, msokoto unaachia. Hosi ikipoa kidogo, waya unagusana. Ndiyo robo saa yangu.

Na niseme ukweli, pale ni karibu kabisa na fremu iliyochomelewa mwaka jana. Nadhani waya uliungua siku ile, mtu akausokota, akafunga tepu, akachukua hela yake, akaondoka.

Tumekata sehemu mbovu, tumeweka kipande cha waya cha unene ule ule, solda, ule mpira unaosinyaa kwa moto, na mkanda tumeufunga upande wa pili mbali na hosi. Gharama: waya na vikorokoro elfu kumi na nane, kijana nimempa elfu hamsini, hakuamini.

Leo mashine imefanya kazi toka saa moja mpaka saa kumi na moja.


#17 Mama_Lori_Nala

Hongera mdogo wangu. Namba ya huyo kijana nitumie faragha.


#18 Opareta_Kibaigwa

Safi sana. Chukua na kipande cha hosi kuukuu, pasua katikati, vika pale nyaya zinapopita juu ya chuma. Mimi huwa navika sehemu zote nikipokea mashine, siku ya kwanza.


#19 Kokoto_za_Ihumwa

Shukrani Opareta, kesho navika.

FundiWaya kuna kitu kimebaki. Ukiachilia moja kwa moja barabara tambarare inavuta kulia kidogo. Si kama zamani, kidogo tu, kila mita kumi opareta anairekebisha. Na joistiki ya kushoto ukiiacha katikati kuna siku mashine inataka kujongea.


#20 FundiWaya_Kizota

Vitu viwili tofauti.

Kuvuta kulia: kabla hujagusa komputa angalia matairi. Upepo sawa pande zote? Yana umri mmoja?


#21 Kokoto_za_Ihumwa

Kushoto niliweka mapya mwezi wa nne. Kulia ni ya zamani, yamebaki kama kandambili.


#22 FundiWaya_Kizota

Sasa je. Tairi lililokwisha ni dogo, likizunguka mara moja linasafiri kidogo kuliko jipya. Kushoto kunaitangulia kulia, mashine inavuta kulia. Hakuna joistiki duniani itakayoponya hilo. Dawa ni matairi yote manne yalingane kimo kadiri utakavyoweza, kisha jaza upepo sawa. Ikibaki kidogo, mashine nyingi zina sehemu ya kurekebisha mwendo kwenye kioo, ndiyo utumie hapo.

Kujongea ukiiacha: fungua buti la mpira chini ya joistiki ya kushoto, niambie umeona nini. Ukimaliza usafi, mashine inatakiwa ifundishwe upya katikati ni wapi. Utaratibu uko kwenye kitabu chake, ufuate hatua kwa hatua, betri ikiwa imejaa. Mashine yenye betri ya volti 11 inajifunza uongo.


#23 Kokoto_za_Ihumwa

Nimefungua. Buti limechanika nyuma, huwezi kuona ukiwa umekaa. Ndani kuna vumbi jekundu laini kama ulezi uliosagwa, na limeshikana vipande vipande. Kijana wa bajaji akachukua kidogo akanusa. Soda. Ya nanasi.

Nimemuuliza opareta, anatazama kilima.

Tumepuliza, tumesafisha kwa lile kopo la kupulizia la vifaa vya umeme, tumeacha ikauke nusu saa. Buti tumelishona na kuliziba kwa muda, jipya nimeagiza, elfu thelathini na tano na nauli ya basi. Katikati tumeifundisha upya kwa kitabu. Haijongei tena.

Fundi wa kwanza amepiga simu jioni hii kusema ile joistiki ya mtumba imepatikana, nitume nusu leo.


#24 Tairi_Bapa

Mwambie atume kwa Mama Lori, ana kabati.


#25 Mama_Lori_Nala

Wewe Tairi Bapa nikikuona mjini utanieleza.


#26 Singida_Yetu

FundiWaya nimepima zile mbili zilizosokotana. Nimepata 121.


#27 FundiWaya_Kizota

Basi kuna mwisho mmoja haupo kwenye mtandao. Fuata waya kuanzia joistiki kwenda nyuma, soketi moja moja, anza na ile iliyo karibu na mlango ambapo maji yanaingia. Fungua uzi wako, weka picha ya namba za kwenye kioo, tutakukuta huko.